Vichwa Viwili Kwenye Friza ya Twila

Haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa boti langu, kwa injini yake, na kwa goti langu la kushoto ambalo madaktari walilitia chuma mwaka juzi na tangu hapo halijanidanganya kuhusu mvua. Ukisikia mtu anasema Alvin Unruh anatia chumvi, mwulize yeye alikuwa wapi siku hiyo.

Kwa miaka kumi na moja jina langu lilikaa juu kabisa ya ubao wa Twila. Twila ana duka la chambo pale kwenye bwawa la Bitter Creek, upande wa ukuta wa bwawa. Anauza visamaki hai, kahawa, na akiamka vizuri, bakuli la chili, mchuzi mkali wa nyama na maharage, na andazi la mdalasini la kuchovya. Ubao wa samaki wakubwa waliovuliwa hapo uko nyuma ya kaunta: besi chotara, ratili kumi na nne na nusu, Alvin Unruh. Samaki yule alinivuta mimi na boti langu, akakizunguka kisiwa mara mbili, na mara ya pili tulimpita jamaa mmoja anayeteleza majini akivutwa kwa kamba na boti la kasi. Akanipungia mkono. Nilipostaafu kwenye maghala ya nafaka nilibaki na vitu viwili vya kujivunia, saa ya ukutani niliyopewa na kampuni na ubao ule. Saa ilikufa kabla ya Krismasi.

Halafu akastaafu Verlin Schrag, mume wa dada yangu. Maisha yake yote alikuwa anauza matrekta na hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga ndoano. Siku ya kwanza alifunga kidole chake mwenyewe, na fundo lilikuwa zuri kiasi kwamba ilibidi tulikate kwa kisu.

Mwaka wake wa pili tu, mwezi wa kumi, alisimama kwenye mawe ya ukuta upepo wa kusini ukivuma, akaingia dukani amebeba kitu kama mtoto aliyelala.

"Shemeji, hebu njoo uone!" akanipigia kelele. "Huyu si mdogo, eti?"

Ratili kumi na tano na robo.

"Mizani hii imechakaa," nikasema.

"Ndiyo ileile iliyompima wako," Twila akajibu bila hata kuinua kichwa, huku anatafuta kalamu.

Sasa nikueleze kilichoniuma. Besi chotara hawazaliani kwenye bwawa letu. Watu wa idara ya samaki ya jimbo wanamchanganya mama wa aina moja na baba wa aina nyingine, wanaleta vifaranga kwa lori, wanavimwaga. Vinakua kwa fujo miaka mitatu, kisha vinakwama. Chakula chao ni shadi, binamu wa dagaa, na shadi wa kwetu wananenepa upesi mpaka hawaingii tena kwenye mdomo wa besi. Kwa hiyo besi anaishi amezungukwa na chakula na anashinda na njaa. Kiangazi ndiyo balaa zaidi. Maji ya juu yanachemka, ya chini hayana hewa, na samaki wote wanabanana katikati kama watu kwenye lifti. Agosti ya mwaka ule, kwa joto lilivyokuwa, nzi walikuwa wanatembea kwa miguu. Ratili kumi na nne na nusu, kwa bwawa kama hilo, ndiyo dari. Niliamini hivyo miaka kumi na moja. Na hapo dari yangu imetobolewa na muuza matrekta.

Majira yote ya baridi niliishi vibaya. Gazeti la mji lilitoa picha yake. Kanisani, kwenye kifungua kinywa cha wanaume, walimwomba azungumzie upepo wa kusini, naye akasimama mbele ya sinia za mayai akaeleza jinsi upepo unavyowasukuma shadi kwenye mawe na besi wanavyowafuata. Watu wenye akili zao waliandika kwenye leso za karatasi. Mimi nimevua bwawa lile miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuandika neno langu hata kiganjani.

Dada yangu akanipigia simu. "Alvin, Verlin anasema humpokelei simu. Kuna nini?"

"Mwambie sikio linauma."

"Lipi?"

"Lile analopigia."

Mwezi wa tatu, barafu ilipoyeyuka, nilifunga boti nyuma ya gari na kwenda mwendo wa saa mbili mashariki, kwenye ziwa la mitambo ya umeme. Maji ya kule yanatoka kwenye mitambo yakiwa moto, na ziwa haligandi hata wiki moja. Besi wa kule wanakula Krismasi, wanakula Pasaka, wanakula katikati. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa na mmoja wa ratili kumi na saba. Sitakuelezea jinsi alivyopigana, maana hutaamini na mimi sipendi kubishana. Nilimlaza kwenye sanduku la barafu, nikarudi Bitter Creek, nikalizungusha boti langu bwawani dakika kumi ili liloane vizuri, ndipo nikaingia kwa Twila.

"Kwenye mawe ya ukuta?" akaniuliza.

"Mbele kidogo," nikasema. Na kweli ziwa la mitambo liko mbele, ukienda mashariki.

Wakapiga makofi. Twila akaandika jina langu juu. Nikamkata samaki minofu kwenye meza ya nyuma, na Twila akakitia kichwa kwenye friza, kwa sababu watu wa jimbo walimwomba amtunzie kichwa cha kila samaki mkubwa. Kilikaa karibu na kile cha Verlin. Sikukijali. Kichwa kitasema nini?

Jumamosi iliyofuata Verlin akaja dukani, akanikumbatia mbele za watu. "Ratili kumi na saba, shemeji! Nilimwambia dada yako, yule ndiye mwalimu wangu." Na alifurahi kweli, si utani. Kama hujawahi kukumbatiwa na mtu unayemwonea wivu, sikuombei yakupate.

Hata hivyo ningenyamaza. Lakini watu, baada ya kunipongeza kidogo, wakamgeukia yeye. Verlin, upepo ukitoka magharibi je? Verlin, unatupa chambo rangi gani? Nilikuwa juu ya ubao, na bado nilikuwa nimesimama peke yangu na kahawa inayopoa. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Muulizeni kwanza kama samaki wake ni wa bwawa hili."

Duka zima likanigeukia.

"Unasemaje?" Verlin akauliza.

"Nasema bwawa hili halikuzi samaki wa ratili kumi na tano. Kuna ziwa la mitambo huko mashariki. Mtu mwenye gari anafika."

"Na wako wa kumi na saba je, mzee?" akauliza Marcy, binti wa idara ya samaki ya jimbo. Alikuja kuchukua vichwa vyake akavichunguze, na mimi nilidhani ni mteja wa kahawa.

"Wangu ni bahati," nikasema. "Pima kichwa cha samaki wa Verlin. Kikionekana cha hapa, nitamshikia wavu msimu mzima, kwenye boti lake, na kofia yake ya matrekta kichwani."

"Nitavipima vyote viwili," Marcy akasema. "Si vimekaa pamoja?"

Alirudi mwezi wa nne na karatasi mbili zenye picha. Watu walikuwa wengi kuliko chili.

"Ndani ya sikio la samaki kuna kijiwe," akasema. "Tunakikata, tunakitazama. Baridi ikiingia samaki anaacha kukua, na kijiwe kinaweka mstari mweusi. Wa Bwana Schrag ana mistari saba. Mitatu ya kwanza imeachana, miwili inayofuata imebanana: hapo alikuwa na njaa, shadi hawamezeki. Halafu miwili ya mwisho inaachana tena sana. Mnakumbuka ile baridi iliyoua shadi wakubwa? Waliozaliwa baada yake walikuwa wengi na wadogo, naye akala. Huyu ni wa hapa, asilimia mia."

Verlin akatazama viatu vyake. Yeye ni hivyo, akishinda anaona haya, na hilo nalo linaniudhi.

"Na huyu wa Bwana Unruh." Marcy akainua karatasi ya pili. Hata mimi niliona. Kijiwe kilikuwa cheupe kama kikombe. "Alama hafifu tu. Samaki huyu hajawahi kuona baridi maishani mwake. Na mimi Januari niliendesha gari juu ya barafu ya Bitter Creek."

Nilianza kueleza habari ya chemchemi ya maji moto chini ya bwawa, ambayo babu yangu aliijua, na nilikuwa nimefika pazuri, Verlin akaniuliza taratibu:

"Ulikwenda kule kwenye mitambo bila kuniambia? Ningekuja na wewe, shem."

Twila akachukua kitambaa, akafuta jina langu juu ya ubao.

"Na yule wa kumi na nne na nusu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Yule ni wa kweli! Naapa!"

Walicheka mpaka mbwa wa Twila akatoka nje.

Basi sasa ni mwezi wa tano. Niko kwenye boti la Verlin, kofia ya matrekta kichwani, wavu mkononi. Upepo ni wa kusini. Hapo mbele ya mawe fimbo yake inapinda, kamba inalia, anahema, na mimi nasimama na goti langu bovu nikitazama ubavu wa fedha unakuja juu, mpana, mpana zaidi ya wowote niliowahi kuugusa. Ukingo wa wavu ukigonga kamba mahali fulani, kidogo tu, samaki anachomoka na mambo yanakwisha. Hakuna anayejua. Kila mshika wavu amewahi kukosea.

Nikamzamishia wavu chini ya tumbo na kumwinua.

"Mkubwa?" Verlin akauliza. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, haoni kitu.

"Wa kawaida. Ratili kumi na mbili."

"Alvin."

"Kumi na tatu."

"Alvin."

Nikamtundika kwenye mizani yake ya mkononi, nikasubiri sindano itulie, nikatamani itulie mapema. Haikutulia mapema.

"Kumi na sita na nusu," nikasema, na nikamgeuzia mizani aisome mwenyewe.