Damu ya Uwamwezi Ilienda Goma

Mukandayisenga aliitwa mulozi na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Wala si kwa kunong'onezwa. Mbele ya majirani wa Mushaki waliokuwa wanapura maharage, mwanawe Valens alimpokonya sahani ya uji akawamwagia kuku. "Mama, tangu leo haupashwe kumupikia bibi yangu. Ulimupa karuho." Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo watu wa Masisi wanaiogopa kuliko risasi, inayomla mtu wiki kwa wiki.

Na kweli Uwamwezi, mke wa Valens, alikuwa anakwisha. Mtoto wake ana miezi minne, yeye anakula kushinda mwanaume anayetoka shambani, na bado kikwembe kinamvuka kiunoni. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio hata akikaa, na katika baridi ile ya Mushaki jasho linamtiririka. Majirani wakasema lisemwalo lipo. Baba mukubwa Ndayambaje, mkuu wa ukoo tangu mume wa Mukandayisenga afariki, akakata maneno: huyu binti asipopona, mama mkwe wake arudi kwa kaka zake, kijijini Kingi. Miaka thelathini amelima kilima chao, halafu arudishwe kama mzigo. Hebu ona watu.

Mukandayisenga hakulia, hasira haikumwachia nafasi. Alimshika mkamwana wake mkono wakashuka kituo cha afya, kwa muuguzi Geneviève, mwanamke wa Butembo asiyependa maneno mengi.

"Pima damu yake yote," akamwambia. "Kama sumu yangu iko mule, ionekane. Kama haiko, hawa watu wanirudishie jina langu."

Geneviève alihesabu mapigo ya moyo, akapapasa shingo. Dalili zile, akasema, mara nyingi ni za tezi ya shingoni, homoni yake ikizidi mwilini. Dawa ya kuituliza tezi ilikuwa kabatini, lakini hakuigusa. "Kwanza nijue hiyo homoni inatoka wapi. Nikikosea sababu, dawa ndiyo itamuumiza." Akavuta damu, ikapanda pikipiki mpaka Goma.

Majibu yalipofika, ukoo mzima ulijaa kituoni. Ndayambaje alikuja na tai shingoni, kama jaji.

"Homoni iko mingi sana," Geneviève akasoma. "Na ile amri ya kutoka kwenye ubongo, TSH, imenyamaza, sababu imeona homoni imezidi. Hapo wengi wanasimama, wanaandika dawa. Mimi niliomba kipimo kingine. Tezi ikitengeneza homoni, ao ikiwa na kidonda inaivujisha, inaacha alama katika damu, inaitwa thyroglobuline. Kwa huyu alama karibu haiko. Tezi yake inalala. Homoni inaingia kwa mudomo."

Kwa mdomo. Macho yote yakamgeukia Mukandayisenga. Yeye aliyeitaka damu ipimwe, damu ndiyo inamchongea. Hasira ikampanda upya, maana alijua mikono yake ni safi.

"Mulisikia," akasema Valens. "Kwa mudomo."

"Nyamaza, papa, sijamaliza," akasema Geneviève, akamgeukia Uwamwezi. "Dada, unakula nini ambacho wengine hapo nyumbani hawakulake?"

Uwamwezi akamtazama mumewe kwanza. "Nyama yangu ya uzazi. Valens anachinjaka ngombe pa soko. Fungu la muchinjaji ni shingo na koo. Tangu nizae ananiletea kila siku ya soko, nipate nguvu. Kwetu nyama ya muzazi hailiwe na mwengine."

Geneviève akaweka karatasi chini. Ng'ombe naye ana tezi kooni, akaeleza, na homoni yake haitofautiani na ya mtu. Moto wa jikoni hauiui. Mwanaume huyu amemlisha mkewe tezi za ng'ombe miezi minne, kwa mapenzi yake yote.

Nyama ikasimamishwa. Baada ya wiki sita damu ilienda tena Goma, na homoni ikawa imeshuka mahali pake. Uwamwezi alianza kunenepa, mikono ikatulia. Ndayambaje akaita kikao, akainua chupa ya Fanta.

"Valens hakujua. Iko bahati mbaya tu. Tumusamehe, maneno yaishie hapa."

Wakamsamehe papo hapo. Wakamgonga mgongo, wakacheka, mmoja akamtania kwamba sasa alete ulimi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mukandayisenga akasimama.

"Mimi, bila alama yoyote, nilikuwa mulozi. Huyu, na karatasi ya Goma, ni muntu wa bahati mbaya. Fanta yenu sinywe."

"Mama, watu wamekwisha kujua," akasema Valens.

"Uongo waliujua kwa mudomo wako. Na ukweli watausikia kwa mudomo wako. Nyumba kwa nyumba. Vaa viatu."

Valens akavaa viatu, mama yake nyuma. Kwenye nyumba ya kwanza wenyewe walitoka mlangoni wakingoja.

"Nimekuja kuwaambia kwamba Uwamwezi amepona," akaanza.

"Hapana," akasema Mukandayisenga. "Anza upya."