Begi la Siku Tatu

Ijumaa asubuhi Mbodze alitandika mkeka mbele ya nyumba na kupanga juu yake vitu kama vilivyoandikwa kwenye karatasi: tochi, kiberiti, chandarua, blanketi mbili, viatu vya kufunga, kofia ya binti yake Mercy. Karatasi ilitoka kwa kampuni iliyonunua, au iliyosema imenunua, mashamba yote ya upande wao wa Munje. Kampuni hiyo iliwazawadia wanakijiji, nyumba zote kumi na moja, siku tatu za kupiga kambi kwenye vilima vya Shimba, bure, hema na chakula juu yake. Mstari wa mwisho ulisema vitu vizito viachwe nyumbani, ambako vitakuwa salama. Mbodze alikuwa ameusoma mstari huo mara sita.

Alivitia vitu begini, kisha akaingia ndani kuchukua sufuria. Alipotoka, tochi ilikuwa imetolewa begini, na mahali pake alikuwamo baba mkwe.

Baba mkwe, mzee Randu, alikuwa amekufa miaka ishirini iliyopita. Alichobaki nacho duniani ni koma yake, kijiti kifupi cha mti mgumu kilichosimikwa kando ya nyumba, ambacho familia hukimwagia tembo la mnazi kidogo na kukipa habari. Fondo, mwanawe na mume wa Mbodze, alikuwa amemwambia mzee jana, kama ilivyo ada kabla ya safari, kwamba wangelala nje siku tatu.

Mbodze alimrudisha mzee shimoni, akamshindilia udongo, akamwomba radhi. Alipogeuka, mzee alikuwa begini tena, na mchangani palikuwa na mstari mmoja, kama wa mtu aliyeburuta fimbo.

"Baba anataka kuwaona ndovu," Fondo alisema huku akifunga kamba za viatu. "Maisha yake yote aliwasikia wakisimuliwa tu. Mwache aende."

"Koma haendi matembezini, Baba Mercy. Koma huhama."

Fondo alilijua hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mzee kwapani walipohama Kinango, mwaka ule ng'ombe walipokwisha kwa ukame. Lakini mwanamume huyu alikuwa na ugonjwa wa kupenda vya bure, na ugonjwa huo hauna dawa.

Vitu vingine havikungoja kubembelezwa. Mafiga matatu yaliingia yakiwa bado na moto wa chai. Mlango uliingia, ukafuatwa na bawaba zake. Kuta za udongo ziliingia na misumari na kalenda. Begi halikujaa wala halikuongeza uzito. Kisima kiliingia kwenye mtungi wa lita ishirini, na Mercy, mwenye miaka tisa, akaukaza kifuniko. Kila alipopita karibu na begi alisema, "Shikamoo babu." Ng'ambo ya ua, jirani yao Shutu alilalamika kwamba choo chake kimeingia kwenye kikapu cha mikate.

Mbodze aliogopa. Vitu vya nyumbani kwake vilikuwa vimejua jambo, na yeye alikuwa bado anatafuta kofia.

Saa tatu lori lilifika, na pamoja nalo Gillian, msichana wa bara aliyevaa fulana ya kampuni.

"Mama Mercy, mko ready?"

"Nendeni, mwanangu. Mimi nitabaki niangalie nyumba."

"Nyumba gani sasa, mathe?" Gillian aliuliza, na ni kweli, nyuma ya Mbodze palikuwa na uwanja mtupu uliofagiwa. "Halafu hii ni family trip. Mmoja akibaki, boss anacancel ya wote."

Juu ya lori watoto wa nyumba kumi walikuwa wakimtazama Mbodze. Mercy naye alikuwa amekwisha kupanda. Mbodze akapanda, akaliweka begi mapajani.

Waliwaona ndovu jioni ile ile. Fondo alimsimika mzee mlangoni mwa hema, uso kwa ndovu. Asubuhi alimkuta amegeukia baharini, upande wa nyumbani. Fondo alimgeuza, naye akajigeuza. Mara ya tatu Fondo alimwacha, na siku hiyo hakuumaliza wali wake.

Jumatatu mchana lori liliwashusha barabarani, kwa sababu palipokuwa na njia ya kijijini sasa palikuwa na uzio wa mabati na geti. Afisa wa ardhi aliyeitwa kusikiliza malalamiko alikuwa mtu wa adabu. Aliingia, akazunguka, akatoka na daftari.

"Jamaa zangu, nimetafuta mafiga, sikuyaona. Kisima hakuna. Koma hakuna, hata shimo la choo hakuna. Hapa hapajapata kukaa mtu."

"Vyote vimo humu, bwana," Mbodze alisema, akafungua begi. "Tazama mwenyewe."

Afisa alitazama kwa makini. Aliziona kuta na kalenda. Alimwona mzee, akamwamkia.

"Naviona, mama. Lakini mimi naulizwa kilichoko ardhini. Hivi ni mizigo."

Kisha akaomba maji, akapewa ya kisimani kutoka mtungini, akashukuru, akaenda zake.

Mbodze aliumia vibaya. Nyumba ingesimama, ingebomolewa, na kifusi kingekuwa shahidi. Kampuni haikubomoa hata tofali. Yeye alikuwa amefungasha vizuri mno.

Walikaa pale pale ukingoni mwa barabara, nyumba zote kumi na moja, kila mtu na begi lake. Mlinzi wa geti alikuja kuwauliza kama wana kibali cha kupiga kambi. Fondo alichimba shimo dogo, akamsimika baba yake, akapiga magoti na mnazi kidogo kwenye kifuu.

"Mama Mercy," alisema bila kuinua macho, "nimwambie tutalala hapa siku ngapi?"

Mbodze alikuwa akitoa mafiga begini. Yalikuwa bado na moto. Aliyapanga, akateleka sufuria, akamtuma Mercy kuni. Fondo alibaki amepiga magoti, kifuu mkononi, na mzee akingoja kuambiwa.