Nani Akae na Nani kwa Pastor Musembi

Mwaka 1986, muuguzi mmoja Mzungu, aliyekaa Ukambani mpaka akajua kununa kwa Kikamba, alifunga zahanati yake ndogo karibu na Kasikeu na kuanza kugawa vyombo vyake ili arudi kwao. Wazee wa kanisa walifika mapema. Mzee Ndolo, mwenyekiti wa baraza la wazee, alichukua friji ya mafuta ya taa. Wengine wakabeba vitanda na viti. Pastor Musembi alikuwa amecheleweshwa na mazishi, na alipofika akakuta kumebaki tangi la vioo, ukubwa wake kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na ndani yake samaki wanne wadogo kama vidole vya mtoto.

"Hawa ni gapi," muuguzi akamwambia. "Huyu mwenye mkia wa rangi ndiye dume. Hawa wanene wa kijivu ni majike. Dume mmoja, majike watatu. Ukipunguza majike, utajuta."

Pastor akatabasamu kwa heshima. Yule mama hakuwahi kuolewa, na Pastor hakuona sababu ya kupokea kutoka kwake mashauri ya nani akae na nani.

Tangi likapakiwa kwenye mkokoteni wa punda na kuwekwa sebuleni, juu ya kabati, mahali ambapo mtu akiingia lazima alione kabla hajaona kitu kingine. Watu wakaja kuona. Wengi wa rika la Pastor hawakuwa wameonja samaki hata mmoja tangu wazaliwe, maana kwao samaki alikuwa jamaa ya nyoka, na sasa hapa palikuwa na wanne wanaokaa ndani ya nyumba kama wageni wa heshima, wanatupiwa chembe za mkate. Pastor alivaa tai hata siku za kazi.

Aliyebeba maji ya wageni hao alikuwa mkewe, Mutindi, ambaye wazee walimwita Mama Mutie. Mto ulikuwa umekauka, na visima vingi vilivyochimbwa mchangani vilitoa maji ya chumvi. Kisima cha maji matamu kilikuwa katika shamba la Mzee Kisilu, ng'ambo ya kilima. Mutindi alikwenda huko na punda, akajaziwa mitungi na Syokau, mke mkubwa wa Kisilu, na kila alipobadilisha maji ya samaki ilibidi arudi tena.

"Wanakunywa kuliko ng'ombe," Syokau alimwambia.

"Hawanywi, mwaitu, mama yangu. Wanaoga."

"Wanaoga kila siku? Kasikeu hii?"

Huyu Kisilu alikuwa ameokoka katika mkutano wa injili akiwa tayari ana wake watatu. Kanisa lilifurahi kumpata, likamweka benchi la nyuma pamoja na wake zake wawili wadogo. Asingekaribia Meza ya Bwana mpaka abaki na mke mmoja. Fahali wake wa harambee, lakini, walikaribia bila kizuizi chochote, na nusu ya paa la kanisa ilitokana nao.

Balaa lilianza Jumapili moja wazee walipokuja kunywa chai baada ya ibada. Mzee Ndolo alisogea karibu na tangi, akainama, akaangalia kwa muda mrefu kikombe kikiwa mkononi.

"Pastor, huyu mwenye mkia ni nani?"

"Ndiye dume, Mzee."

"Na hawa?"

"Majike."

"Wa nani?"

Ndolo akakiweka kikombe mezani, na wazee wengine nao wakaviweka vyao.

"Wote watatu ni wake? Ndani ya nyumba ya kanisa? Na leo asubuhi umetoka kuhubiri juu ya Adamu na Hawa, Kisilu akiwa pale nyuma anakusikiliza?"

Kabla ya jioni majike wawili walikuwa wamehamishiwa kwenye jagi jikoni. Sebuleni wakabaki dume na jike, mmoja kwa mmoja, na Pastor alipowaangalia akasikia amani ya mtu aliyetengeneza nyumba yake. Hata akaomba juu yao, kwa ufupi.

Dume hakuomba. Alimwandama yule jike asubuhi, mchana na wakati wa habari za redio. Jike akajificha nyuma ya jiwe, akafuatwa. Akapanda juu kabisa, akafuatwa. Mapezi yake yakachanika, akaacha kula. Ndolo alipopita kukagua alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeona? Mume anamjali mkewe." Siku chache baadaye Mutindi alimkuta jike amelala ubavu juu ya maji, akamtoa kwa kijiko.

"Amekufa na nini?" Pastor akauliza, na sauti yake kweli ilikuwa na huzuni.

"Na ndoa," Mutindi akasema, akaenda kumzika penye sukuma wiki.

Pastor hakukata tamaa. Alikwenda Sultan Hamud kumwona Gicheru, mwenye duka kutoka Murang'a, ambaye kila wiki alikwenda Nairobi kuleta bidhaa. Gicheru akajua mahali samaki hao wanauzwa, akarudi na dume wa pili ndani ya mfuko wa plastiki, akampakata mwenyewe njia nzima kama mtoto mgonjwa.

"Lakini Pastor," Gicheru akasema, "muuza samaki wa Nairobi ameniambia nikwambie unaharibu. Anasema madume wawili ni vita. Anasema dume mmoja—"

"Majike watatu. Nimeshasikia. Huyo muuza samaki ni Mkristo?"

"Sikumuuliza."

"Basi."

Majike wawili wakatolewa jikoni, wakaunganishwa na madume wawili. Ndoa mbili, kila mtu na wake. Pastor aliwapanga kwa mkono, hawa upande wa kushoto, hawa upande wa kulia, na katikati akaweka safu ya mawe. Mawe yalikuwa mpaka mzuri sana kwa mtu yeyote asiyejua kuogelea. Kabla chai haijapoa madume wote wawili walikuwa kushoto, halafu wote wawili kulia, na katikati ya safari wakaumana mikia. Haikujulikana tena nani ni wa nani. Kina mama wa ushirika wa Alhamisi waliokuja kuomba waligeuza viti vyao, wakakaa wakiangalia mlango.

Ndolo aliitwa. Aliinama mbele ya tangi, akainuka amekunja uso.

"Afadhali yule wa kwanza," alisema. "Yule angalau aliwajua wake zake. Hawa ni walevi. Hapa hakuna uongozi, Pastor. Nyumba yoyote isiyo na mzee inakuwa hivi."

Alijitolea kuleta mzee. Kesho yake alifika na ndoo, na ndani ya ndoo kambale mdogo mweusi wa urefu wa kiganja, aliyevuliwa bwawani, mwenye kichwa bapa na ndevu pande zote mbili za mdomo. Kwa kweli alifanana na mjumbe wa baraza. Alipoingizwa ndani alikwenda moja kwa moja mpaka chini, akatulia kwenye kona bila kutikisika. Madume waliacha kukimbizana. Majike wakatulia.

"Umeona heshima?" Ndolo akasema.

Mutindi alikuwa amesimama mlangoni na taulo. "Mzee, huyo anakula nini?"

"Mama Mutie, huyo hajaletwa kula. Ameletwa kusimamia."

Asubuhi iliyofuata madume hawakuwepo, wote wawili. Kambale alikuwa kwenye kona yake ileile, ametulia vilevile, ila tumbo limejaa. Majike walikuwa wamejibana juu kabisa nyuma ya jani. Pastor alitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Habari zilipomfikia Ndolo, alisema kwamba nidhamu huwa na gharama yake, na kwamba hata hivyo uasherati umekwisha. Mutindi hakungoja kikao. Alimtoa kambale kwa sufuria, akampa fundi mmoja Mjaluo, ambaye kwao samaki ni kitoweo, aliyekuwa akijenga ukuta wa shule, na yule fundi akamshukuru sana.

Hivyo tangi likabaki na majike wawili peke yao, na baraza likaona kuwa hiyo ndiyo hali inayofaa zaidi nyumbani kwa mchungaji. Wakala, wakanenepa, mapezi yao yakapona. Kina mama wa Alhamisi wakageuza viti tena.

Halafu Alhamisi moja, katikati ya sala, mmoja wao akafumbua macho na kupiga ukelele. Ndani ya maji kulikuwa na vitoto, vingi, vyembamba kama sindano, vina macho tu.

"Aiya! Mama Pastor! Dume yuko wapi?"

"Hayupo."

"Aliondoka lini?"

"Aliliwa, tangu kabla ya mvua."

Wakahesabu kwa vidole, wakatazamana; hakuna aliyejua kwamba jike wa gapi huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Mmoja akaanza kusema kwamba jambo la namna hii katika Maandiko lilitokea mara moja tu, na Pastor akatoka chumbani mbio. "Kina mama, msiende huko! Msiende huko kabisa!" Lakini walikuwa wameshakwenda. Siku ya soko Kasikeu ilikuwa na mambo mawili tu ya kuzungumza, bei ya mahindi na baba wa watoto wa nyumba ya Pastor, na wale waliofika wakiwa wamechelewa hawakuambiwa kwamba wanaozungumziwa ni samaki.

Ndipo Mzee Kisilu akaja. Alikuja na Syokau, amevaa koti lake la kanisani, siku ambayo baraza lilikuwa limeketi sebuleni kuamua la kufanya. Alikaa karibu na mlango kwa mazoea.

"Nimesikia habari za maji yangu," alisema. "Nimekuja na swali. Samaki wa Pastor walikaa humu, dume mmoja na wake watatu. Jumapili ile Pastor alishiriki Meza. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," Pastor akasema polepole.

"Wakapunguzwa wake, mmoja akafa. Wakaongezwa waume, wakapigana. Akaletwa mzee wa kanisa—"

"Kambale," Ndolo akakatiza.

"—akawala. Mimi nimekaa benchi la nyuma miaka mingi, naambiwa nifukuze wawili. Niwafukuze waende wapi? Sasa naona hata ninyi mmejaribu kwa samaki mkashindwa. Kwa nini mimi nisipewe Meza?"

Mzee mmoja akakohoa.

"Samaki hawajabatizwa," Ndolo akasema hatimaye.

"Basi kwa nini mliwatenganisha?"

Wazee walianza kusema wote kwa pamoja. Mmoja akataja Ibrahimu, mwingine Sulemani, akanyamazishwa. Pastor akasema suala ni zito na litapelekwa makao makuu. Kisilu akasimama, akasema kwamba dume yeyote aliyeumbwa na Mungu ana kipimo chake. Ndolo naye akasimama, akasema kipimo ni mke mmoja, na wanaume wawili wazima wakabaki wakinyoosheana vidole juu ya idadi ya wake wa samaki ambaye alikuwa ameshaliwa.

Syokau alikuwa amesimama pembeni mwa tangi na Mutindi. Hakupaza sauti.

"Hawa wawili wamenona," alisema. "Nilipowaona mara ya kwanza walikuwa wamekonda."

"Ilikuwa wakati dume yupo," Mutindi akasema.

"Mnagombania yule mwenye mkia tu," Syokau akawaambia wazee. "Akiwa na mmoja, akiwa na watatu. Mimi nilipoletewa mwenzangu wa kwanza sikuulizwa. Na ninyi mlipomwambia mzee wangu awafukuze wawili, Kalunde na Nthenya nao hamkuwauliza. Angalieni. Hakuna anayewakimbiza, na watoto wamepata."

Mutindi alicheka, akaziba mdomo, akashindwa. Kisilu akaketi. Wazee wakanywa chai, ingawa vikombe vya wengine vilikuwa vitupu.

Baraza liliandika uamuzi wa kwamba tangi libaki na majike tu, na Kisilu abaki benchi la nyuma. Uamuzi wa kwanza ulidumu mpaka vitoto vilipokua. Mikia ya nusu yao ikaanza kuingia rangi, machungwa, buluu, nyekundu yenye madoa, na hapakuwa na mzee aliyeweza kuwakamata kwa mkono ili awaweke nje ya ushirika. Tangi likawa dogo. Pastor alisema atamtuma Gicheru kununua lingine, la majike upande mmoja na madume upande wa pili.

"Nalo maji yake atabeba nani?" Mutindi akauliza.

Pastor alifungua mdomo, akaona punda dirishani, akaufunga.

Siku iliyofuata, yeye akiwa kwenye mkutano wa wachungaji Machakos, Mutindi aliwamimina samaki wote ndani ya mtungi na kuwapeleka kwa Syokau, ambaye alikuwa na tangi kubwa la saruji la kunyweshea ng'ombe, lililojaa viluwiluwi vya mbu. Wakamwagwa humo bila kupangwa. Waliokimbizwa walipata pa kukimbilia, maana mahali palikuwa papana, na mbu wakapungua mpaka Kalunde na Nthenya wakaanza kukaa nje jioni. Kisilu alikuwa akienda kuwatazama asubuhi, mikono nyuma. Hakuwahi kuwahesabu. Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida, lakini mwaka huo hakutoa fahali, na wakati wa mvua paa la kanisa likavuja juu ya benchi la mbele.

Pastor aliporudi na kukuta kabati tupu alikaa akilitazama mpaka chakula kikapoa. Alikuwa amewapenda kweli, kwa njia yake. Mutindi akamwacha akae, halafu akamwonyesha tangi likiwa jikoni, limesuguliwa kwa majivu mpaka linang'aa.

Siku ya soko alilibeba hadi Kasikeu, akapanga mandazi ndani, akalifunika juu kwa kitambaa cheupe. Nzi hawakuyafikia, na watu waliyaona wakiwa mbali. Kufikia saa nne yalikuwa karibu kwisha. Mzee Ndolo alipita, akarudi, akainama mbele ya kioo kama alivyozoea.

"Mama Mutie, haya yamewahi kuguswa na samaki?"

"Hapana, Mzee."

Akafikiri. "Basi nipe mawili," akasema, na akayala akiwa amesimama palepale.