Nguzo Isiyosimama Wima

Jiwe la kumbukumbu lilikuwa limelala nyuma ya pikapu ya Orville tangu Alhamisi, limeshachongwa: HAPA ILISIMAMA NYUMBA YETU YA KWANZA. Kilichokosekana ni hapo penyewe. Na ukoo mzima ungefika adhuhuri, kila mtu na sufuria yake.

Marlys alidunga nondo ardhini, akaichomoa, akadunga tena. Nyumba ya mabonge ya udongo wenye nyasi haiachi ukuta. Mvua huirudisha udongoni ilikotoka. Ng'ambo ya ua wa waya, binamu yake Orville naye alikuwa akidunga shambani kwake, huku akipiga mluzi kama mtu aliyekwisha kushinda.

Bibi zao wa kale walikuwa ndugu wa tumbo moja, Ragnhild na Torborg, waliotoka Norwei wakajiandikishia mashamba mawili yaliyopakana katika nyika ya Dakota. Uzao wa Ragnhild, yaani akina Orville, ulishikilia kwamba bibi yao ndiye aliyejenga kwanza, Torborg akaja baadaye kukuta chungu kimeshachemka. Ndiyo maana Inga, mama yake Marlys, aliitwa mjukuu wa mchelewaji katika kila harusi na kila mazishi. Sasa alikuwa na miaka tisini na moja. Marlys alitaka jina hilo lizikwe kabla ya mwenyewe.

Inga alikuwa ameketi kivulini mwa gari la Marlys, akitafuna chapati ya viazi yenye sukari.

"Nimepata!" Marlys alipiga kelele. Mbele yake palikuwa na kichaka cha maua ya zambarau, yale ambayo walowezi walizoea kuyapanda mlangoni mwa nyumba zao. "Binamu, njoo ubishe hodi! Mlango wa Bibi Torborg huu hapa!"

"Maua? Hata ndege hunya mbegu," Orville akajibu. "Mimi huku nina mabua mekundu ya kupikia pai. Ndege halimi bustani ya jikoni, au siyo, Shangazi Inga?"

"Na wewe, Orville, ulinyewa na ndege gani?" Inga akauliza.

Marlys alicheka, kisha akatupa jicho huku na kule. Kichaka huku, mabua kule, na katikati yake, juu ya mpaka, ilikuwepo ile nguzo ya ua isiyokubali kusimama wima. Babu yake Orville aliichimbia, ikapinda. Baba yake akaichimbia upya, ikapinda. Orville mwenyewe aliitukana kila theluji ilipoyeyuka.

"Orville, hiyo nguzo hugonga nini huko chini?"

"Ni jiwe tu."

"Jiwe? Bonde hili lina jiwe hata la kumtupia mbwa?"

Orville alivua kofia, akajikuna kichwa. Kisha akaenda kuleta mnyororo.

Pikapu ilinguruma, nguzo ikang'oka. Wakapiga magoti wote wawili, wakafukua kwa mikono. Yakatokea mawe bapa yaliyopangwa vizuri, meusi kwa masizi, na mguu wa jiko la chuma.

"Jiko," Orville alinong'ona. "Juu ya mpaka! Mwendawazimu gani hujenga nyumba juu ya mpaka?"

Inga alicheka mpaka sukari ikamwagika kifuani. "Wenye akili! Serikali ilimpa ardhi yule aliyelala juu yake. Basi nyumba moja, vitanda viwili, kila mmoja kwenye shamba lake. Bibi alikuwa akisema, ukitaka kumfinya dada yako usiku, sharti uvuke mpaka. Nami nikidhani ni utani wa kizee!"

Orville alipangusa masizi viganjani. "Basi hakuna aliyechelewa," alisema.

"Sema kwa nguvu, masikio yangu ni ya zamani."

"Hakuna aliyechelewa, Shangazi!"

"Vizuri. Utarudia mbele ya watu, na kabla ya pai."

Walikata waya. Jiwe la kumbukumbu wakalikalisha juu ya yale mawe ya jiko, likasimama wima bila kusaidiwa. Magari ya kwanza yalipoanza kutimua vumbi barabarani, meza ndefu ilikuwa imeshapita pengoni, ncha moja huku, nyingine kule.

Marlys alimwekea mama yake kiti katikati kabisa. Inga alikaa, akapima kwa macho, kisha akamwita Orville.

"Nisogeze kidogo kwako, mwanangu. Matako yote mawili yako kwa Torborg, na moja ni la Ragnhild."