Majina ya Safarini

Veneranda alipoambiwa kuwa mumewe hayumo, hakuondoka kwenye dirisha la karani wa boma. Wanawake waliomtangulia, kila waliposikia neno hilo, walimshukuru karani, wakajifunga vibwebwe na kushika njia ya kwao, maana asiyekuwamo katika orodha ya wapagazi waliokufa katika vita vya Wazungu huenda yu hai, na mwenye matumaini hachoki upesi. Yeye alisimama palepale, vumbi la njia ya kutoka Choma lingali miguuni, akamkazia karani macho.

"Umemtafuta kwa jina gani?"

"Kwa hilo ulilonipa, dada," karani Sylvester akajibu. "Masele, mwana wa Ngollo."

"Hilo ni jina la nyumbani. Mlilitaka ninyi, nami nikawapa. Njiani aliitwa Kata-Mbuga."

Sylvester alitaka kucheka. Majina ya namna hiyo alikuwa akiyaona siku zote katika karatasi zile, Mla-Umande, Pengo-la-Simba, Chumvi-Mbili, akadhani ni mzaha wa askari walioandikisha watu. Alifunua tena, kidole kikateremka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Kata-Mbuga," akasoma polepole. "Homa. Mahenge."

Veneranda akashusha pumzi, kama mtu anayetua mzigo. "Basi mimi ni mjane. Miaka yote hii sikujua nishike lipi. Nikimlilia, ninamwombea kifo. Nisipomlilia, nimemtupa." Alijifuta uso kwa upindo wa kaniki. "Na wewe ni mwana wa nani, usiyejua kwamba Mnyamwezi hachukui jina la nyumbani katika njia ndefu? La nyumbani humwachia mama yake."

Alikuwa mwana wa Apolinaria wa Cheyo, aliyelelewa na mapadri tangu meno ya utotoni hayajang'oka. Alijua Kilatini cha kuitikia misa. Mambo ya njia hakufundishwa na mtu.

Yule mama alipokwenda zake, Sylvester aliketi akiitazama kalamu yake. Wangapi amewarudisha Nzega na Igunga na uongo mikononi, yeye akijisifu moyoni kwamba ni karani mpole? Kisha fikra ikamwendea Mahona, kaka yake aliyekwenda na wapagazi asirudi, naye akaona baridi juani. Jina la kwanza alilolitafuta alipopewa kazi ile lilikuwa hilo. Hakuliona. Alikimbia mbio hadi Cheyo akipiga kelele, "Mama, hayumo!" Mama akapiga vigelegele. Tangu siku ile chakula cha Mahona hupakuliwa kila jioni, na shamba lake halilimwi na mtu mwingine.

Angeweza kwenda kumwuliza mama jina la safarini la kaka yake. Swali dogo tu. Lakini alijua kuwa akiliuliza, Mahona atakufa papo hapo, jikoni, kabla hata orodha haijafunuliwa. Kwa hiyo hakuuliza, na majina yakaanza kumwandama. Mchana kweupe, akipita Gongoni kwenye njia kuu ya zamani ya misafara, alisikia nyuma yake vishindo vya watu waliolemewa. Alipogeuka aliona wachuuzi na mbuzi. Alipoendelea kutembea, vishindo viliendelea, wala havikumpita. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwa sababu hakujua ni nani kati yao wa nyumbani kwake.

Akamwendea Bwana Shauri, Mzungu aliyeshika boma, kuomba orodha isomwe hadharani.

"Mtu akija na jina, unamtafutia," Bwana Shauri alisema. "Hiyo ni haki tosha."

"Wanakuja na majina yasiyoandikwa, Bwana. Wakisikia wote pamoja, kila mmoja atamtambua wake."

"Wakisikia wote pamoja, Sylvester, watajua walivyo wengi. Kisha watauliza nani aliwapeleka." Akafunga mlango wa kabati taratibu. "Hizi ni karatasi za serikali."

Jioni ile Sylvester alimwambia mama yake, "Kesho uje barazani. Kuna majina yatasomwa."

Mama Apolinaria hakuuliza majina gani. Aliendelea kukoroga ugali hata ukapita kiasi.

Kulipokucha, watu walijaa mbele ya boma kusikiliza tangazo la ngozi za ng'ombe. Sylvester alitoka nalo mkononi, akaliweka chini, akatoa orodha aliyoificha kifuani. Akaanza kusoma.

"Mla-Umande. Homa. Kilosa."

Watu wakatazamana. Kisha mzee mmoja akasema, "Wangu."

"Pengo-la-Simba. Kuzama mtoni. Rufiji."

"Wangu!" akalia mwanamke, na waliokuwa kando yake wakamshika.

Yakaendelea hivyo, jina na mwenyewe, jina na mwenyewe, hata jua likafika utosini majina hayajaisha. Kijana wa Nzega akasimama. "Karani, wafu tumewasikia. Waliowapeleka wameandikwa wapi?" Hakuna aliyemwambia akae. Bwana Shauri alikuwa ametokea mlangoni, uso umemwiva.

"Sitazami-Nyuma," Sylvester akasoma. "Kuhara damu. Njia ya Mahenge."

Watu wakangoja mwenyewe. Kisha kutoka kwa wanawake wa Cheyo, sauti aliyoijua kabla hajajua kitu kingine duniani ikasema, "Wangu."

Mstari uliofuata ulimpotea machoni. Bwana Shauri alinyoosha mkono. "Lete karatasi hizo." Na kwa kweli Sylvester angezitoa. Aliyemzika kaka yake kwa kinywa chake mwenyewe atapata wapi nguvu za kushindana na mtu?

Mama Apolinaria alikuwa amesimama, ushungi umemwangukia mabegani.

"Baba," alimwita mwanawe, "wenzangu hawajasikia ya kwao."