Mstari wa Majani Chai

Edinah hakukalika. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani kuitazama mvua ikiyapiga mashamba ya chai ya Kabianga, akarudi kwenye mashine ya picha ya maabara. Picha ilikuwa haijatokea.

Kesho kutwa kaka yake, Kipruto, angepeleka mahari Sigor, na miongoni mwa ng'ombe waliokwisha kuonyeshwa wakwe alikuwamo Chelel, mtamba mweupe. Ndama wawili waliozaliwa na mama wa Chelel walitoka na miguu iliyopinda. Edinah alikwisha kugundua kwamba ndama wote wa namna hiyo kijijini mwao walirithi kipande kimoja cha DNA. Je, ndani ya kipande hicho mlikuwa na jeni yenye kazi, au hamkuwa na kitu?

Alikitia kipande hicho rangi ing'aayo, akakimimina juu ya utando uliobeba DNA ya ng'ombe, ya mbuzi, ya mbwa wa mama yake, na yake mwenyewe. Kikinata kwa wote, ni dalili kwamba maumbile yamekitunza kwa kuwa kina kazi. Mstari wa mwisho aliuwekea DNA ya majani chai, nao haukupaswa kung'aa. Juma lililopita uling'aa kama mingine, kwa kuwa aliuosha utando kwa maji yasiyo na joto la kutosha, kila kitu kikanata ovyo.

Simu ikalia.

"Mbwa wa mama bado yuko chuo kikuu?" Kipruto alimtania. "Atahitimu lini?"

"Nyamaza wewe. Picha inatokea."

Ng'ombe aling'aa. Mbuzi. Mbwa. Mtu. Edinah aliukodolea macho mstari wa chai. Ulikuwa mtupu.

"Jeni imo," alisema.

"Kwa hiyo Chelel ni mgonjwa?"

"Nimejua mahali pa kutazama tu. Kama yake ina kasoro, bado sijui. Itachukua miezi."

"Miezi! Dada, wakwe wananingoja Jumamosi, na wameshamwona. Nikimbadilisha watasema nini?"

Edinah alitembea hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Mpeleke mweusi wangu, yule niliyepewa na baba. Wakwe nitawaeleza mwenyewe."

"Yule wa maziwa? Nawe ubaki na huyu wa mashaka?"

"Nitabaki naye. Usimtoe zizini, naja kumtoa damu."

Alikata simu, akavaa gumbuti, akatoka mvuani bila mwavuli.