Wana Wawili, Meli Moja

Tangu Krismasi ipite, Marlys Engebretson hakukaa akakalika. Aliamka kabla ya jua, ambalo pale Moorhead mwezi wa Januari ni jua la kuazima, akaweka kahawa jikoni, na kabla haijachemka alikuwa ameshafungua kompyuta na kuanza kuhamisha watu. Jana alikuwa amemweka mwanawe Wade sitaha ya tisa, kule tezi, nyuma kabisa ya meli. Leo akaona yuko karibu mno na lifti. Lifti ni hatari. Humkutanisha mtu na asiyemtaka, na mlango ukishajifunga hakuna pa kukimbilia. Akamhamisha.

Meli ilikuwa ya mwezi wa Juni, kutoka Seattle kwenda Alaska na kurudi. Marlys alikuwa ameuza nyumba ya ziwani, ile ambayo marehemu mumewe, Arlo, alikuwa akivulia samaki, akaamua kuwapeleka wote: wanawe wawili, wake zao na wajukuu. Kanisani walisema anasherehekea kutimiza miaka sabini na tano. Waache waseme. Mama yule alikuwa anataka jambo moja tu kabla hajafa, nalo ni kuwaona Wade na Darrin wameketi meza moja.

Wanaume hao wazima, wenye ndevu na watoto, walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya baba yao, miaka sita iliyopita. Wala hawakugombea shamba, kama wengine wanavyogombea. Siku ile, walipotoka makaburini, watu walishuka ukumbini chini ya kanisa kunywa kahawa na kula mikate ya hemu ya nguruwe. Wade, mkubwa, aliyehamia Minneapolis tangu ujana, akaisogelea meza ya wafiwa. Darrin, mdogo, aliyebaki nyumbani na baba na shamba la viazisukari, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia mbele ya watu, "Meza ya wageni iko kule." Wade akaenda kule. Akamaliza kahawa yake, akavaa glavu, akaondoka zake. Maneno matano, miaka sita.

Tangu hapo Marlys amekuwa na Krismasi mbili kila mwaka, moja ya Darrin mkesha na moja ya Wade kesho yake, hemu mbili, keki mbili, na katikati yake usiku wa kuosha vyombo. Wake za wanawe walikuwa wanaandikiana chinichini na kupelekeana picha za watoto, lakini waume zao walikuwa fahali wawili, na zizi lilikuwa moja tu, nalo ni yeye.

Alipowatangazia habari ya meli, wote wawili walikubali haraka kiasi cha kumtia mashaka. Kisha masharti yakaanza kuja. Darrin alisema atakwenda, ila asimwone yule kwenye korido asubuhi anapotoka na uso haujanawa. Wade alisema atakwenda, ila chumba kiwe na roshani, ili akitaka hewa asilazimike kupanda juu na kukutana na mtu fulani. Hawakuwa wanatajana majina. Mmoja alikuwa "yule", mwingine alikuwa "mtu fulani", na mama yao alikuwa amezoea lugha hiyo kama wengine wanavyozoea maumivu ya goti.

Basi akapanga. Ramani ya meli aliibandika kwenye friji, sitaha juu ya sitaha, na kila familia akaipa sumaku yake. Darrin alimweka mbele, omo, upande wa kushoto, sitaha ya sita. Wade nyuma, upande wa kulia, mbali na lifti. Halafu yakaja matembezi ya bandarini, na hapo ndipo usingizi ulipomhama kabisa. Juneau, Darrin aende kutazama nyangumi, Wade apande juu kwenye mto wa barafu. Skagway, Wade apande treni ya milimani. Darrin akapiga simu kuuliza kama yule naye atakuwa kwenye treni, maana kama yupo, yeye heri akatazame mbwa wanaovuta magari ya theluji. Marlys akamweka kwenye mbwa. Kesho yake Wade akapiga kusema mwanawe anataka mbwa. Marlys akashika kichwa, akachemsha kahawa nyingine, akaihama meza, akairudia, akachungulia dirishani kutazama theluji iliyofika nusu ya uzio, kisha akampigia Janelle.

Janelle alikuwa wakala wa safari, binti mwenye sauti ya upole na subira ya mkunga. Kila Marlys alipopiga, alianza kwa kuuliza habari ya baridi. Safari hii, baada ya baridi, alimkumbusha kwamba mabadiliko mwisho ni Ijumaa. Baada ya hapo, alivyowapanga ndivyo watakavyosafiri.

Alhamisi ilipofika, Marlys alikuwa amemaliza. Alisimama mbele ya friji na shali mabegani, akaukagua mpango wake toka juu mpaka chini, asione pa kutia kasoro. Badala ya kutulia, moyo ulizidi kumwenda mbio. Alidhani ni kahawa.

Mchana wifi yake LaVonne akaja, dada yake marehemu Arlo, amebeba sinia la vitafunio vya chokoleti. Alikung'uta viatu mlangoni na kuingia bila kubisha, maana hajawahi kubisha katika nyumba ya kaka yake, akiwa hai wala akiwa amekufa. LaVonne alikuwa ameshakwenda Alaska mara mbili na hakumwachia mtu nafasi ya kusahau hilo. Akavaa miwani, akaikaribia friji.

Aliisoma ramani kwa muda mrefu. Aliuliza nani yuko wapi, akaambiwa. Aliuliza nani anashuka na nani katika kila bandari, akaambiwa. Kisha akauliza habari ya chakula cha jioni, kwa kuwa chakula kina zamu mbili, ya mapema na ya baadaye.

"Darrin zamu ya kwanza," Marlys alisema. "Mkulima hulala mapema. Wade zamu ya pili."

"Na wewe?"

"Nitakula na wote."

"Mara mbili?"

"Kidogo kidogo."

LaVonne alivua miwani. Marlys alimjua wifi yake. Akivua miwani, jambo linakuja.

"Wifi, hii Krismasi yako imepanda meli," alisema. "Umeuza nyumba ya kaka yangu ya ziwani ukanunue ukuta unaoelea. Wangekaa makwao, ungepata hayohayo bila kutapika."

Marlys alimwambia kwamba yeye hana mtoto wa kiume, asimfundishe. LaVonne akasema ni kweli hana, lakini macho anayo. Marlys akamwambia kama amekuja kutukana, sinia anaweza kulirudisha. LaVonne akavaa koti taratibu, akaliacha sinia, akatoka.

Marlys akabaki na hasira. Aliosha kikombe kilichokwisha oshwa. Alikunja taulo, akalikunjua. Alikwenda sebuleni, akarudi, na kila aliporudi friji ilikuwa palepale, sumaku moja omo na nyingine tezi, meli nzima kati yao. Hapo hasira ikamgeuka ikawa aibu. Miaka sita alikuwa akijiita daraja kati ya wanawe. Kumbe yeye ndiye aliyewarahisishia. Kila alipobeba salamu za huku na kuzipeleka kule zikiwa zimepunguzwa makali, kila alipooka keki ya pili, aliwaondolea sababu ya kuonana. Ndugu wakigombana, watu hushika jembe wakalime, maana siku wakipatana watashika kapu na kwenda kuvuna. Yeye hakungoja wapatane. Alikuwa amewajengea ghala mbilimbili.

Akanyanyua simu.

"Janelle," alisema, na leo hakungoja kuulizwa baridi. "Kuna chumba chenye vitanda viwili vyembamba?"

Janelle akatafuta. Kilikuwepo kimoja, cha ndani, hakina dirisha, sitaha ya pili, na mitambo inasikika.

"Hicho hicho. Wawekee wanangu."

"Wajukuu?"

"Wanangu. Wade na Darrin. Wake zao na watoto wape zile roshani, zipakane."

 Janelle akauliza, kwa upole uleule, kama mabwana wenyewe wanajua. Marlys akasema watajua. Aliendelea bila kuvuta pumzi, asije akapata nafasi ya kuogopa: chakula zamu moja, meza moja ya watu wote. Skagway wote treni. Juneau wote nyangumi. Ketchikan kuna mitumbwi ya kupiga makasia, ile ya watu wawili, ambayo mmoja asipopiga inazunguka papo hapo? Ipo? Basi mmoja kwa ajili yao.

Kisha akawaandikia wanawe ujumbe mmoja, maneno yaleyale kwa wote. Mtalala chumba kimoja kama mlivyolala mkiwa wadogo. Mtakula meza moja. Asiyetaka aniambie, na nikiambiwa na mmoja, safari nafuta ya wote, na Krismasi mbili nazo zimekwisha. Mama yenu.

Akautuma, na papo hapo akatamani kuurudisha.

Simu haikulia. Alivaa buti akatoka kuondoa theluji kwenye njia ambayo kijana wa jirani alikuwa ameshaiondoa asubuhi. Alirudi ndani, akaitazama simu, akatoka tena kuhakikisha waya wa umeme unaoipasha injini joto haujachomoka kwenye gari. Haukuwa umechomoka. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Huko nyuma alikuwa na wana wawili kwa zamu, nusu mkate, lakini mkate. Sasa huenda amekosa vyote. Wade alikuwa mtu wa kukaa kimya mwaka mzima bila jasho kumtoka, na Darrin alikuwa na kichwa kigumu cha baba yake. Nani alimwambia mwanamke wa miaka sabini na tano acheze kamari na watoto wake? Alifikiri kumpigia LaVonne amlaumu. Akapiga kweli, na LaVonne alipopokea akakosa la kusema, akamwambia tu vitafunio vilikuwa vitamu, ingawa hakuwa amevigusa.

Giza lilikuwa limeshaanza kuingia, kama linavyoingia mapema huko, simu ilipolia. Namba ilikuwa ya Wade. Sauti iliyomfikia sikioni ilikuwa ya Darrin.

"Mama, tuko wote kwenye laini."

Marlys alishika ukingo wa sinki.

"Tumeongea," Wade alidakia. "Tumekubaliana."

"Mmekubaliana nini?"

"Kwamba umechanganyikiwa."

"Mwambie kuhusu chumba," Darrin alisema.

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Leo ndiyo nimekuwa mkubwa?" Sauti ya Wade ilibadilika. "Siku ile ukumbini nilikuwa mgeni."

Hapo Marlys alitaka kuingia kati. Ulimi ulikuwa tayari umeshabeba maneno, yale laini ya siku zote. Akauma mdomo.

 Darrin alizungumza kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani. "Nilimwogesha baba majira yote ya kiangazi, Wade. Nilimlisha. Halafu wewe unashuka ngazi na koti lako la mjini, neno la kwanza unaniuliza vyoo viko wapi. Kanisa letu. Kanisa ulimobatizwa, unaniuliza mimi vyoo viko wapi. Nikasema basi, kama ni mgeni, akae na wageni."



"Darrin," Wade alisema polepole. "Vyoo vilihamishwa."

"Nini?"

"Vilikuwa chini ya ngazi. Nilikwenda chini ya ngazi nikakuta kabati la mifagio. Nilikuwa natafuta mahali pa kulia nisionekane. Nikarudi nikakuuliza wewe."

Marlys alifumba macho. Vyoo vilihamishwa kweli, mwaka uleule, vikapelekwa nyuma ya jiko. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kamati iliyopitisha hilo. Yeye ndiye aliyenyanyua mkono wa kwanza.

Ilisikika sauti kwenye laini, na hakuweza kujua ni ya kucheka au ya nini, wala ni ya mwanawe yupi.

"Vilihamishwa," Darrin alisema mwishowe. "Mungu wangu. Ni kweli, vilihamishwa."

"Miaka sita, mdogo wangu."

"Ungesema."

"Ningesemaje? Ulishanionyesha meza."

Darrin akakohoa, akasema kwamba hata hivyo yeye halali chumba kimoja na mtu anayeongea usingizini. Wade akauliza ni nani huyo. Darrin akasema ni yeye, tangu utotoni, alikuwa akihesabu ng'ombe. Wade akasema heri kuhesabu ng'ombe kuliko kukoroma kama trekta la babu. Wakaendelea hivyo, mmoja akirusha na mwingine akirudisha, wakaingia kwenye habari za babu, na mbwa waliyekuwa naye, na nani hasa aliyeliacha lango wazi siku ile. Walikuwa wamemsahau. Marlys alifunika simu kwa kiganja ili wasimsikie akilia, akamwomba Mungu wasimkumbuke upesi.